Lofoi mwezi wa Mei na Lofoi mwezi wa Agosti: nawasihi muende kwa ajili ya korongo, si kwa ajili ya maji peke yake

#1 Mwana wa Lufira (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na kwingineko,

Mwaka huu nilikwenda kwenye maporomoko ya Lofoi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya Mei, mvua zikiwa zimekoma wiki chache tu. Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa Agosti, majani ya uwandani yakiwa yamekauka na anga limejaa moshi. Watu wa nyumbani waliposikia kwamba nimerudi kule wakati wa kiangazi walinihurumia, kwa sababu hapa mjini inaaminika kwamba anayekwenda Lofoi mwezi wa Agosti amepoteza mafuta ya gari. Naandika uzi huu kueleza kwa nini siamini hivyo, na ninyi mliofika kule nawaomba muongeze au mnisahihishe.

Kwa wasiopajua: Lofoi ni mto unaozaliwa juu ya uwanda wa Kundelungu, huku Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo ikihesabiwa pamoja na ukanda wake wa pembeni ina kilomita za mraba zipatazo 7,600. Kutoka Lubumbashi ni kilomita 180 hivi, lakini mtu asipange safari kwa kuhesabu kilomita, kwa maana barabara ya udongo mwekundu ndiyo inayoamua utafika saa ngapi. Uwanda wenyewe uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,700, na unapita sawasawa kama mkeka uliotandikwa mpaka mahali ambapo ardhi inakatika ghafla, na bonde la mto Lufira linaonekana mbali chini. Hapo ndipo mto unapoanguka, kwa mruko mmoja unaozidi mita 300. Wengi wetu tumepita Zambia tukayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), ambayo kimo chake ni mita 108. Lofoi inayazidi zaidi ya mara tatu kwa kimo, ingawa kwa wingi wa maji hayalinganishwi hata kidogo.

Mwezi wa Mei tulifika juu, ukingoni, kama wageni wengi wanavyofanya. Kabla ya kuyaona maporomoko tuliyasikia, na kabla ya kuyasikia tuliyahisi, kwa sababu jiwe tulilokuwa tumelikalia kupumzika lilikuwa na unyevu ilhali anga lilikuwa jeupe bila wingu. Kisha tukayaona kwa ubavuni: mkanda mweupe unaoanza kwa nguvu, unaopasuka katikati ya safari yake kuwa vishungi vinavyoshuka kimoja nyuma ya kingine, na mwisho wake umefichwa na manyunyu yanayopanda juu kutoka ndani ya korongo. Tulisimama pale kwa muda wa saa moja na nusu, tukapiga picha, tukala, tukarudi. Nilifurahi kweli. Lakini usiku ule, tulipokuwa tumejifunika mablanketi kwa baridi ya uwandani, nilijiuliza nimeona nini hasa, nikagundua kwamba kitu pekee nilichoweza kukieleza kilikuwa rangi nyeupe na kishindo. Korongo lenyewe sikuliona. Manyunyu yalikuwa yamelifunika.

Ndiyo sababu nilirudi mwezi wa Agosti, na safari hii tulipanga kupita chini, tukiufuata mto kutoka upande wa bonde, tukiongozwa na wenyeji wawili na mlinzi wa hifadhi mmoja. Njia inaanza katika miombo ya kawaida, ile tunayoifahamu sote, yenye miti iliyoachana na majani makavu yanayolia chini ya viatu. Kadiri kuta za pande zote mbili zinavyokaribiana, miti inabadilika. Inakuwa mirefu zaidi, majani yake hayapukutiki, matawi yanashikana juu na kamba za misitu zinaning'inia, na ghafla unajikuta umeingia katika kivuli kinachofanana na kile cha muhulu, msitu mzito usiopukutisha majani, wakati nje ya korongo jua la Agosti linaunguza. Tuliuvuka mto mara nyingi, tukirukia jiwe hadi jiwe. Maji yalikuwa ya baridi na maangavu kiasi kwamba niliweza kuhesabu kokoto zilizo chini.

Mawe yale ndiyo yaliyonisimamisha. Ni mawe ya mchanga, mekundu yenye kuelekea zambarau, na juu ya baadhi yake kuna mikunjo midogomidogo iliyopangwa sambamba, kama ile inayoachwa na mawimbi kwenye mchanga wa ufukweni. Mmoja wa wenyeji alipitisha kiganja chake juu ya mikunjo hiyo akasema kwamba babu yake alimwambia kuwa zamani maji yalilala hapa. Sijui kama babu huyo alikuwa amesoma jiolojia, lakini alikuwa amesema kweli.

Tulipofika mwisho wa korongo, maporomoko yalikuwa uzi mwembamba uliokuwa ukichezeshwa na upepo, mara unagusa ukuta, mara unajitenga nao. Lakini ukuta! Mwezi wa Mei haukuonekana. Sasa ulisimama mbele yetu wote mzima, tabaka juu ya tabaka, nyingine nene kama kimo cha nyumba na nyingine nyembamba kama mbao zilizopangwa, zote zimelala sawasawa bila kuinama. Katika kila ufa mwembamba palikuwa na mstari wa kijani wa ukoga na kangaga uliopita ukutani kama alama ya kalamu, na kila mstari ulikuwa ukidondosha maji yake wenyewe, tone baada ya tone, maji ambayo hayakutoka mtoni bali yalitoka ndani ya jiwe. Nilikaa pale chini kwa saa tatu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Anayetaka kuyaona maporomoko na aende mwisho wa mvua, Aprili mwishoni au Mei. Lakini anayetaka kuelewa anachokitazama na alipe korongo siku nzima, apite chini kwa miguu, na asiogope kwenda wakati maji ni machache. Ninyi mnaonaje?

#2 Kijana wa Katuba

Yaya, mkubwa wangu, nimesoma kwa heshima, lakini mimi nilikwenda Julai na nilirudi na uchungu. Tulichanga fedha watu sita, gari likakwama mara mbili kwenye mchanga, na aliyetuandalia safari alikuwa ametuonyesha picha za maji yaliyojaa bila kutuambia kwamba zilipigwa wakati wa masika. Tulipofika ukingoni tuliona kitu ambacho ningeweza kukiziba kwa mkono. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna njia ya chini. Je, ni haki kumwambia mtu aliyejinyima mwaka mzima kwamba alipaswa kufurahia mawe?

#3 Mwana wa Lufira

Mdogo wangu, si haki, na aliyewaonyesha picha za msimu mwingine bila kuwaambia aliwakosea. Huo ndio ubaya ninaotaka tuuzungumze waziwazi, maana mtu akiuziwa maji peke yake, siku maji yanapopungua anaamini kwamba hakuna kitu kingine pale. Mngeambiwa kabla kwamba Julai ni mwezi wa korongo, mngepanga kupita chini, na mngelala siku moja zaidi.

#4 Nyundo na Dira

Nilisoma jiolojia hapa Lubumbashi, na nimefika Kundelungu mara kadhaa kwa ajili ya kazi. Naomba niongeze juu ya ukuta aliouona mwanzisha uzi, kwa sababu wachache wanafahamu kwamba jina la uwanda wetu limeenda mbali kuliko sisi wenyewe. Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyetembea Katanga kati ya mwaka 1891 na 1893, ndiye aliyeanza kuipanga miamba ya nchi hii kwa majina, na mojawapo ya majina aliyoyaacha ni Kundelungu. Mpaka leo mwanafunzi wa jiolojia anayesoma habari za ukanda wa shaba, awe upande wetu au upande wa Zambia, anakutana na tabaka zinazoitwa Kundelungu.

Tabaka hizi ni za zamani kuliko mnyama yeyote mwenye mifupa. Zilianza kama mchanga na tope vilivyotandazwa na maji, na ile mikunjo ya mawimbi ni kumbukumbu ya maji hayo, iliyogandamizwa ikawa jiwe. Jambo linalopaswa kutushangaza ni kwamba hazikukunjwa. Ukienda Likasi au Kolwezi, penye madini, utaona miamba ya ukoo uleule imepinda, imesimama wima, imevunjika, kwa sababu milima ilipojengwa upande wa kusini ardhi ilisukumwa kwa nguvu kubwa. Kule Kundelungu, mbali na msukumo huo, tabaka zilibaki zimelala kama vitabu mezani. Na kwa sababu zimelala, uwanda ni tambarare. Na kwa sababu uwanda ni tambarare na ukingo wake umekatika, mto hauna njia ya kushuka polepole. Unafika mwisho wa meza, unaanguka.

Sasa, kwa nini ukuta unabaki wima badala ya kuwa mteremko? Sababu ni kwamba tabaka hazifanani kwa ugumu. Jiwe la mchanga lililo gumu limekalia tabaka laini za tope lililogandamana. Maji na manyunyu hula zile laini kwanza, kunakuwa na pango chini ya jiwe gumu, kisha jiwe hilo linakosa pa kuegemea na kumeguka kwa kipande kikubwa, na kipande hicho ndicho mnachokiruka mnapouvuka mto. Kila linapomeguka, maporomoko yanarudi nyuma kidogo kuelekea chanzo cha mto. Kwa hiyo korongo lote mnalolipita kwa miguu, kuanzia bondeni mpaka ukutani, ni njia ambayo maporomoko yenyewe yameipita. Anayetembea chini ya korongo anatembea mahali maporomoko yalipokuwa zamani, hatua kwa hatua, na ndiyo sababu namuunga mkono mwanzisha uzi kwa moyo wote kuhusu njia ya chini.

Na zile tone zinazotoka ndani ya ukuta: mvua ya masika inazama kupitia nyufa za jiwe la mchanga, inateremka mpaka inapokutana na tabaka ya tope ambayo haipitishi maji, kisha inapita juu yake kwa ubavu mpaka inapotokea hewani. Mstari wa kangaga unakuonyesha mahali hasa tabaka mbili zinapokutana. Mwanafunzi hahitaji ramani, asome kangaga.

#5 Mama wa Ruashi

Wanangu, mmesema vizuri kuhusu mawe, nami naomba mnisikilize kuhusu miguu. Tulikwenda na familia mwezi wa Mei miaka kadhaa iliyopita, na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na saba, aliteleza ukingoni. Hakuanguka, namshukuru Mungu, kwa sababu mumewe dada yangu alimshika mshipi wa suruali. Alikuwa amesogea ili apige picha. Jiwe pale lilionekana kavu, kumbe lilikuwa na ukoga mwembamba usioonekana, ambao manyunyu huulisha kila siku. Tangu siku ile mikono yangu hutetemeka nikiona picha za vijana waliokaa ukingoni na miguu ikining'inia.

Kwa hiyo nasema hivi: juu, mtu asikaribie ukingo kwa miguu, anayetaka kutazama chini alale kifudifudi, mwenzake amshike miguu, na hilo nalo lifanyike mahali palipo pakavu na pa mbali na maji. Chini, hatari ni nyingine. Mvua ikinyesha juu ya uwanda, nyinyi mlio korongoni mnaweza kuwa chini ya jua na msijue lolote mpaka mto ubadilike rangi. Maji yakianza kuwa na tope, acheni kila kitu, pandeni sehemu iliyoinuka, msijaribu kuvuka. Mwenyeji aliyetuongoza alitufundisha hivyo, na alikuwa amekulia pale.

Jambo la mwisho ni chakula. Sisi tulibeba bukari (ugali) iliyopikwa usiku, tukaifunga katika majani, pamoja na mafinkubala (viwavi) ya kukaanga na mihogo, na hatukuacha hata karatasi moja. Mabaki ya plastiki niliyoyaona kwenye mawe yalinitia huzuni sana.

#6 Mzee wa Mwadingusha

Nimewasoma wote kwa furaha. Mimi ni mtu mzima, na baba yangu alifanya kazi Mwadingusha, kwa hiyo naomba mniruhusu niseme habari ya maporomoko mengine, ambayo hayamo katika safari za watu.

Mto Lufira, ambao Lofoi inamwagia maji yake, ulikuwa na maporomoko makubwa pale Mwadingusha. Wazungu waliyapa jina la Cornet, yuleyule aliyetajwa na Nyundo na Dira. Mwaka 1930 bwawa na mitambo ya umeme vilianza kazi, ili kuendesha viwanda vya shaba, na maji yaliyokuwa yakianguka jabalini yakaingizwa kwenye mabomba. Nyuma ya bwawa likatokea ziwa la Tshangalele, ambalo leo lina wavuvi wake na ndege wake, nami nimekula samaki wake tangu utoto, siwezi kulisema vibaya. Umeme ule ulitusomesha. Lakini baba alikuwa akitupeleka pale palipokuwa na maporomoko, tukiona ukuta mkavu, mweusi, na yeye anatueleza jinsi wazee wake walivyokuwa wakisikia kishindo kutoka mbali. Alikuwa anaeleza kitu ambacho hata yeye hakukisikia katika ukamilifu wake.

Nasema hivi kwa sababu ya neno alilolisema kijana wa Katuba, kwamba angeweza kuziba Lofoi kwa mkono. Mwanangu, Lofoi ya Julai ni dhaifu, lakini inaanguka. Mwezi wa Desemba itakuja tena. Ukuta wa Mwadingusha hausubiri Desemba. Maji huupitia pale tu bwawa linapozidiwa. Nilipofika Lofoi mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, nililia mbele ya wajukuu wangu, na walifikiri nimeumia mguu.

Na kwa wanaopenda historia: mwaka 1891, wakati Mwami (mfalme) M'siri angali anatawala Bunkeya, Mbelgiji Paul Le Marinel na watu wake waliotumwa na dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, walijenga kituo chao kando ya mto huuhuu wa Lofoi, kule chini bondeni. M'siri aliuawa mnamo tarehe 20 Desemba mwaka uleule. Kwa hiyo maji mnayoyafurahia ukutani yanapita, baada ya kushuka, katika nchi ambako mambo mazito ya Katanga yalianzia. Ukifika bondeni, usipite bila kufikiri.

#7 Jirani wa Sumbawanga

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Nimefurahi kuona uzi wenye utulivu namna hii. Sisi huku Rukwa tuna maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yenye kimo cha mita 235 hivi, nayo pia huanguka kwa mruko mmoja ndani ya korongo lenye msitu. Ndege wakubwa wanaoitwa marabu hutaga katika kuta zake. Mliyoyasema kuhusu kutazama korongo na si maji peke yake yamenigusa, kwa sababu juu ya maporomoko yetu, katika mchanga wa mto ambao umekaa na unyevu kwa muda mrefu, wataalamu walichimba na kupata magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa kwa makusudi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2023, na umri uliopimwa ni takriban miaka 476,000. Watu wa kale kiasi hicho walikata mti, wakauchonga, wakaulaza juu ya mwingine ukingoni mwa mto. Wageni wengi hupiga picha ya maji wakaondoka bila kujua kwamba wamekanyaga karibu na mahali hapo.

Ningependa kuuliza: Lofoi ina hatari gani inayoikabili sasa? Kwetu ni ukataji wa miti.

#8 Mwana wa Lufira

Jirani yangu, aksanti kwa habari ya Kalambo. Nitaitafuta njia ya kufika. Swali lako ni zito, nami nitalijibu kwa yale niliyoyaona kwa macho.

Lofoi haiishi kwa maporomoko yake. Inaishi kwa dembo zilizo juu ya uwanda, yale mabonde mapana yenye majani na udongo mweusi, ambamo mti hauoti kwa sababu maji yanakaa karibu na uso wa ardhi. Mvua zetu zinanyesha kuanzia Novemba mpaka Machi au Aprili, kisha kwa miezi mitano hakuna tone. Mto ambao bado unatiririka mwezi wa Agosti unatiririka kwa sababu dembo imelimeza lile gharika la Januari na inaliachia polepole. Yule uzi mwembamba nilioutazama ukutani ulikuwa mvua ya miezi mingi iliyopita. Ukiuona hivyo, hutausema kuwa haba. Utashangaa kwamba upo.

Kwa hiyo hatari iko juu, mbali na macho ya wageni. Kwanza ni moto. Moto si mgeni katika nchi hii, na moto unaowashwa mapema, Mei au Juni, majani yakiwa na ubichi, hupita chini bila kuua miti. Ule wa Agosti na Septemba ni mwingine kabisa: kila kitu ni kikavu, upepo ni mkali, na moto unapofika ukingoni mwa muhulu unakula safu ya mbele ya miti ambayo haikuumbwa kuvumilia moto. Mwaka unaofuata majani marefu yanaota mahali pa miti hiyo, na majani hayo ni kuni kwa moto unaofuata. Muhulu unarudi nyuma hatua kwa hatua, kama maporomoko, isipokuwa maporomoko yanahitaji maelfu ya miaka na muhulu unahitaji viangazi vichache tu. Nilipita katika majivu nilipokuwa njiani mwezi wa Agosti, na viatu vyangu vilikuwa vya moto.

Pili ni makala, yaani mkaa wa kupikia. Hapa sitamnyoshea kidole mtu yeyote, kwa sababu mimi mwenyewe napika kwa makala, na umeme wa mtaani kwetu hauaminiki. Gunia ninalonunua limetoka katika miombo, na kila mwaka malori yanalifuata mbali zaidi na mji. Barabara ileile inayotupeleka Lofoi ndiyo inayoleta makala mjini, na tulikutana na baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wanaume waliokuwa wakizisukuma. Wanaume wale wanalisha familia zao. Nasema tu kwamba mgeni anayelipa kiingilio, anayemwajiri mwenyeji kumwongoza, anayenunua kuku na mihogo kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini, anaacha fedha ambazo hazikutoka katika mti uliokatwa. Waongozaji wetu wawili walituambia kwamba kwa mwaka mzima walikuwa wameongoza makundi machache sana kupitia chini, kwa sababu wageni wote wanaishia juu. Korongo likitembelewa, linakuwa na watu wa kulitetea.

#9 Nyundo na Dira

Nakubali kila neno kuhusu dembo. Naongeza jambo dogo: msitu wa ndani ya korongo, ule wenye kivuli, umepona moto si kwa bahati. Kuta zinauzuia upepo, manyunyu yanaweka unyevu, na jua linafika chini kwa saa chache tu za siku. Ni jiwe linaloulinda msitu. Mmea ambao juu ya uwanda usingeishi kiangazi kimoja, kule ndani una makao.

#10 Kijana wa Katuba

Yaya, na wewe Mzee wa Mwadingusha, nimewasoma mara mbili. Neno langu la kuziba kwa mkono nalirudisha. Tumezungumza na wenzangu, na wanne kati ya sita wako tayari kurudi mwaka ujao, kupitia chini. Tunaomba mtuambie mambo matatu: mwezi gani kwa mtu ambaye ataweza kwenda mara moja tu, tulale wapi, na tuvae nini.

#11 Mama wa Ruashi

Viatu vyenye soli inayoshika, mwanangu, si sandali. Na kwa kila mtu jozi ya pili ya soksi, kwa sababu mtavuka maji. Usiku wa Juni na Julai hapa mjini tu joto linashuka chini ya nyuzi kumi. Kule juu baridi ni zaidi. Bebeni mablanketi mazito, wala msione haya.

#12 Mwana wa Lufira

Mdogo wangu, umenifurahisha sana. Kwa mtu wa kwenda mara moja tu, nachagua wiki mbili za mwisho za Mei. Maji bado yana nguvu ya kutosha kukupa kishindo, lakini manyunyu yamepungua, kwa hiyo asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, ukuta unaonekana karibu wote. Njia zimekauka kiasi cha gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne kupita, na moto mbaya haujaanza, hivyo utaona bonde la Lufira bila moshi.

Kuhusu kulala: msipange kwenda na kurudi kwa siku moja. Lala usiku wa kwanza bondeni, kijijini, baada ya kujitambulisha kwa chifu na kwa walinzi wa hifadhi, na huo ndio wakati wa kukubaliana na waongozaji kuhusu malipo, mbele ya watu, ili kesho yake kusiwe na maneno. Anzeni kutembea alfajiri. Mkifika mwisho wa korongo msikae katikati ya mawe yaliyo chini kabisa ya ukuta, kwa sababu Nyundo na Dira amewaeleza yalivyofika pale. Kaeni pembeni, upande wa miti. Anzeni kurudi saa saba mchana, hata kama hamjatosheka. Usiku wa pili mlale tena bondeni, na kama mna siku ya tatu na mafuta, zungukeni mpande uwandani mtazame kutoka juu mahali mlipokuwa mmeketi jana.

Ombi moja: katika mawe ya kuvukia, baada ya mto kupinda mara ya pili kuelekea kushoto, kuna bamba kubwa jekundu lenye ile mikunjo ya mawimbi. Waongozaji wanalijua. Msilipite haraka. Mvue viatu, mlikanyage kwa nyayo.

#13 Kijana wa Katuba

Tutavua viatu. Nitaandika hapa tukirudi.